Tunasoma Nini Siku Hizi?



Katika toleo lililopita tuliomba kila mshiriki aliye na kitabu mkononi atuletee habari zake: ni kitabu gani, amefika wapi, na amepata nini ndani yake. Tulidhani tungepata majibu matatu au manne. Tukapata kumi na tisa. Mengine yaliandikwa kwenye karatasi za daftari, mengine tuliambiwa kwa mdomo baada ya Misa ya pili, na moja lililetwa na mtoto aliyetumwa na bibi yake, akalisema lote mlangoni pasipo kuvuta pumzi. Tunawashukuru nyote. Hatuwezi kuyaweka yote hapa, wala hatutataja majina, kwa kuwa wengine walituomba tusiwataje. Tumechagua yale tuliyoona yana somo ndani yake, tukaongeza maelezo kidogo kwa faida ya yule atakayependa kukitafuta kitabu mwenyewe.

Neno moja kabla hatujaanza. Watu watano walituambia kwamba siku hizi hawasomi kitu ila ujumbe wa simu, tena walisema kwa aibu. Ndugu zetu, msione aibu. Sisi wenyewe tulikaa karibu mwaka mzima baada ya kustaafu bila kufungua kitabu, tukisema akili imechoka, kumbe miwani ilikuwa ya zamani. Tulipopima macho tena, uchovu ule ukaisha siku ile ile. Basi anayedhani kwamba uvivu umemwingia, na aanze na macho.

VITABU VYA WAZEE WETU

Bibi aliyemtuma mjukuu anasoma Utenzi wa Enjili Takatifu, kazi ya Mathias Mnyampala iliyotoka mwaka 1963. Nakala yake haina jalada, na kurasa za mwisho zimeshonwa kwa uzi. Bibi huyu hakupata shule utotoni. Alijifunza kusoma akiwa tayari na watoto wanne, katika madarasa ya kisomo yaliyoenea nchini baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watoto wa shule waliwacheka mama zao wakiwaita ngumbaro. Leo wengi wa watoto wale hawashiki kitabu, na ngumbaro wetu anasoma kila usiku.

Habari aliyotuletea ni hii: akiusoma utenzi kimya hauelewi, lakini akiuimba unakwenda wenyewe. Hapo bibi amegundua jambo ambalo chuoni tulilifundisha kwa vipindi viwili. Utenzi hutungwa kwa ajili ya sikio. Kila ubeti una mistari minne mifupi, kwa kawaida ya mizani minane. Mistari mitatu ya kwanza huwa na kina kimoja, na ule wa nne hubeba kina kingine, ambacho hurudi mwisho wa kila ubeti tangu mwanzo wa utenzi hata mwisho wake. Kina hicho ndicho kinachomshika mkono msikilizaji asipotee katika habari ndefu, na kwa msaada wake watu wa pwani waliweza kuhifadhi mamia ya beti kwa moyo. Mnyampala hakuwa mtu wa pwani. Alikuwa Mgogo, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, lakini aliushika utaratibu huo barabara. Tena ni yeye aliyeeneza ngonjera, ambazo sisi tuliofundisha shule za msingi tulizipanga kila Saba Saba hata tukazichoka. Ushauri wetu ni kwamba mwenye utenzi nyumbani asiusome peke yake. Awaite watu wake, mmoja aghani na wengine wasikilize, hata kama sauti ya mghani si nzuri.

Akina mama wawili wanasoma kwa pamoja Utendi wa Mwana Kupona, nao wamegombana, jambo lililotufurahisha. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mwanamke wa Kiislamu wa Pate. Mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa kumwusia jinsi ya kuishi na Mungu, na watu, na mume. Mama wa kwanza anasema mafundisho juu ya kumtii mume yamezidi kipimo, na kwamba yeye hatampa binti yake asome. Mama wa pili anasema mwenzake ameangalia mafundisho, hakumwangalia mama. Huyu ni mtu anayejua kwamba hatakuwapo binti atakapokuwa mtu mzima, naye anajitahidi kumwachia kila alichonacho kabla pumzi haijakatika. Sisi twaona wote wawili wamesoma vizuri. Msomaji anaweza kukataa shauri la mwandishi na bado akampenda. Lakini tuliwauliza swali moja ambalo hawajalijibu: je, ninyi mmewaambia binti zenu nini, kwa mdomo wenu wenyewe, juu ya mambo haya? Tutalirudia swali hilo mbele.

Mzee mmoja aliyefanya kazi reli miaka mingi anasoma Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Mbotela kilichotoka mwaka 1934. Mbotela alikuwa mtu wa Freretown, kile kijiji cha karibu na Mombasa ambacho CMS walikianzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Anasimulia jinsi wazee wake walivyokamatwa bara, wakafungwa, wakapakiwa jahazini, na jinsi manowari ya Waingereza ilivyowakuta baharini. Waliokwenda Mombasa wameiona kengele ya Freretown, na mahali pale hata leo huitwa Kengeleni.

Mzee wetu alikisoma mara mbili. Mara ya kwanza alilia. Mara ya pili alianza kukisaili. Aliona kwamba Mbotela anawashukuru Waingereza katika kila ukurasa, na kwamba wakosaji katika kitabu chake karibu wote ni Waarabu, ingawa bara walikuwapo watu weusi waliowauza weusi wenzao, na ng'ambo walikuwapo Wazungu walionunua watumwa miaka mingi kabla hawajawa waokozi. Mzee amesema kweli. Lakini tulimkumbusha kwamba Mbotela aliandika mwaka 1934, chini ya utawala wa kikoloni, kitabu kikachapishwa London, na kwamba mtoto wa mtu aliyeokolewa baharini hawezi kuizungumzia meli ile kama mtu wa pembeni. Yote mawili ni kweli, na msomaji mzuri huyashika yote mawili.

Kuna kitabu kingine cha jamaa hiyo ambacho wachache wanakijua. Wamisionari wa UMCA walikuwa na chuo cha Mtakatifu Andrea pale Kiungani, Unguja, na wengi wa wanafunzi wa kwanza walikuwa vijana waliotolewa utumwani. Waliambiwa waandike habari zao wenyewe: walizaliwa wapi, walikamatwaje, walipitishwa katika mikono ya nani. A. C. Madan akazifasiri habari hizo kwa Kiingereza, na zikatolewa katika kitabu mwaka 1887. Fikirini, ndugu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na miaka kumi na minne tu baadaye watoto waliouzwa katika masoko ya namna hiyo wamekuwa waandishi. Kanisa letu katika sehemu hizi lilipata waumini wake wengi wa kwanza kwa watu kama hao. Askofu Steere aliwapeleka baadhi yao Masasi mwaka 1876.

Tulipomweleza mzee wa reli habari za Kiungani, alinyamaza. Juma lililofuata alituonyesha daftari. Ameanza kuandika habari za babu wa babu yake, kama alivyosimuliwa na bibi yake jikoni, na amefika ukurasa wa kumi na moja. Anaandika kwa herufi kubwa, anafuta sana. Tumemwomba asifute.

Kijana mwendesha bodaboda anasoma tena Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, ambayo zamani aliisoma kwa ajili ya mtihani. Tunaipita upesi kwa kuwa wengi mnaijua: nchi iliyo hewani, na Karama aliyeshtakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria, naye akajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, wakaleta mema, wakalipwa kifungo. Kijana anasema shuleni alikariri majina ya wajumbe, wala hakujua kwamba kitabu kinachekesha. Sasa akiwa kijiweni anasubiri abiria anawasomea wenzake maneno ya Majivuno, mshitaki, nao wanamtaja mtu wanayemjua. Tumemwonya asitaje majina kwa sauti. Lakini kuna somo hapa nasi tunataka mlishike, maana tutalihitaji: maneno ya Majivuno si maneno ya Shaaban Robert. Mwandishi humpa mtu mbaya maneno yake kamili, tena matamu, ili tuyatambue tutakapoyasikia barazani. Hata katika Biblia ni hivyo. Rafiki za Ayubu wananena kwa sura nyingi, na maneno yao mengi yanapendeza kusikia, lakini katika Ayubu 42 Mungu mwenyewe anawakemea kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa. Mtu akichukua maneno ya Elifazi na kuyabandika ukutani, atakuwa amebandika kosa lililokemewa.

Binti mmoja wa kidato cha nne anasoma Mabepari wa Venisi, ile tamthilia ya Shakespeare aliyoifasiri Mwalimu Nyerere mwaka 1969. Ametuuliza kwa nini wafanyabiashara wameitwa mabepari. Swali zuri kabisa. Tunamwachia alijibu mwenyewe, akikumbuka kwamba Azimio la Arusha lilitoka mwaka 1967.

VITABU VYA SIKU HIZI

Muuguzi mmoja wa zahanati anasoma Peponi, nasi tunampongeza kwa kuwa amekinunua kwa fedha yake. Mwandishi ni Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, akaenda Uingereza akiwa kijana, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Yeye huandika kwa Kiingereza. Kitabu hiki alikitoa mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis amekifasiri kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 2022. Ni habari za Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, ambaye siku moja anaondoka nyumbani na tajiri anayemwita mjomba. Hajui kwamba baba yake ana deni, na kwamba yeye amewekwa rehani.

Muuguzi anakisoma pamoja na Mwanzo, sura ya 37 hadi 41, na hiyo ndiyo njia iliyo bora. Jina la mtoto ni lile lile, na yamo safari, na nyumba ya tajiri, na mke wa tajiri, na ndoto. Msomaji wa Biblia anangoja wokovu. Anangoja Yusuf ainuliwe, awe mkuu, awasamehe waliomtoa. Gurnah hampi jambo hilo. Mtoto wake anakua katika nchi ambayo Wajerumani wanaiingia, na mwisho wake hatutausema ili tusimharibie mtu utamu.

Lakini muuguzi alituambia jambo ambalo halimo kitabuni. Alisema, "Mwalimu, hawa wasichana wanaoletwa zahanati wana homa, na ukimwuliza mama yako yuko wapi anakuambia yupo kijijini, anakaa kwa shangazi, na shangazi ukimwuliza hajui tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, je, hawa si rehani?" Tulikosa la kumjibu. Katika nyumba zetu, hata za sisi tunaopokea Meza ya Bwana, wamo watoto walioletwa kutoka kwao kwa ahadi ya kusomeshwa, na wanaosoma ni watoto wa wenye nyumba. Tusimsome Gurnah kana kwamba anasimulia mambo ya zamani za Wajerumani tu.

SWALI LA DADA MSHONAJI

Sasa tunafika kwenye karatasi iliyotupa kazi kubwa kuliko zote. Iliandikwa na dada mmoja mshonaji wa nguo, kwa mistari mitatu. Anasoma Rosa Mistika, amefika katikati, na anauliza: je, ni dhambi kuendelea?

Kwa wasiokijua, Rosa Mistika ni riwaya ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, aliyefariki mwaka 2020. Ilitoka mwaka 1971, akiwa bado kijana. Rosa ni binti wa mlevi, Zakaria, anayemlinda kwa fimbo. Barua moja tu kutoka kwa mvulana inamletea kipigo kikali. Hafundishwi kitu juu ya wanaume ila kuwaogopa. Anapotoka mbele ya macho ya baba, kwanza shuleni na halafu katika chuo cha ualimu, anakutana na wanaume wenye vyeo ambao wanajua vema jinsi ya kumtumia binti wa namna hiyo. Anaharibikiwa, na mwisho anajiua. Kitabu kinayasema mambo haya wazi kuliko ilivyokuwa desturi wakati ule, na kwa ajili hiyo kiliwahi kukatazwa shuleni. Baadaye kikakubaliwa, hata wanafunzi wakakifanyia mitihani.

Tuliisoma karatasi ya dada chini ya mwembe nyuma ya kanisa, mbele ya watu kumi na wawili. Mzee mmoja wa kanisa alisema kitabu cha namna hiyo kikae nje ya uwanja wetu. Tusimcheke. Analea wajukuu wa kike watatu, na alisema neno la kweli, kwamba viko vitabu vinavyoeleza dhambi ili mtu aitamani, na kwamba si kila mtu ana nguvu ya kubagua. Vitabu hivyo vipo, tumeviona, na siku hizi simu inavileta bila jalada.

Bibi wa utenzi alikuwapo, ameketi kwenye kigoda. Aliuliza tu, "Na habari za Tamari zimo kitabu gani?" Pakawa kimya. Wengine walikwenda nyumbani kufungua 2 Samweli 13, maana, tuseme kweli, sura ile haisomwi sana mimbarani. Humo binti wa mfalme anaharibiwa na kaka yake kwa hila. Ndugu mwingine anamwambia anyamaze. Baba, Mfalme Daudi, anasikia na kukasirika, na sura haituambii kwamba alimfanyia mkosaji kitu. Biblia haikuificha habari hiyo ili kulinda heshima ya nyumba ya Daudi. Imeandika ubaya wote, na haimtamanishi mtu hata mmoja. Hapo ndipo tulipopata kipimo cha kwanza cha kumjibu dada: usiulize tu kama dhambi imetajwa kitabuni. Uliza imetajwa kwa upande wa nani, wa anayeumiza au wa anayeumizwa.

Kipimo cha pili tulikipata kwa njia nyingine, nasi hatuna budi kuisema, ingawa haitupendezi.

Mwaka 1986 tulikuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu, tena mlezi wa bweni la wasichana. Siku ya ukaguzi tuliikuta Rosa Mistika chini ya godoro la mwanachuo mmoja, imefungwa kwa gazeti. Sisi tulikuwa hatujaisoma. Tulikuwa tumesikia habari zake tu. Tulimpa binti adhabu ya kufyeka nyasi majuma mawili, na kitabu tukakichukua. Alikuja ofisini, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Naomba nimalizie kurasa zilizobaki, nitakirudisha mwenyewe." Tukamwambia kwamba msichana wa Kikristo hana haja ya kujua mwisho wa habari kama hizo.

Kabla mwaka haujaisha aliondolewa chuoni akiwa mjamzito. Aliyehusika alikuwa mtu mzima mwenye madaraka juu yake. Yeye alihamishwa. Mambo hayo yalikuwa yamekwisha anza wakati tulipoinua godoro lile. Binti alikuwa anasoma habari zake mwenyewe, labda akitafuta kujua zinaishaje, na mtu pekee aliyekigusa kitabu hicho mbele yake alikuwa sisi. Tulikuwa tumekaa naye mezani mara nyingi. Hatukumwuliza hata siku moja kwa nini anakisoma.

Kitabu kilikaa katika sanduku letu la bati. Tulikisoma kwa mara ya kwanza mwaka 2019, tulipopata ile miwani mipya. Tulipofika mahali ambapo Rosa yuko chuoni, tulikiweka chini, tukakaa siku kadhaa bila kukigusa, halafu tukamaliza.

Mwaka jana, katika msiba mmoja huko Korogwe, mama mmoja alitujia na kutuamkia kwa heshima zote. Hatukumtambua mpaka aliposema, "Mwalimu, kile kitabu changu bado unacho?" Tukamjibu kwamba tunacho. Akauliza, "Umekisoma?" Tukamjibu kwamba tumekisoma. Akasema, "Basi," akaenda kuwasaidia wenzake kupakua chakula. Jumatatu baada ya Pentekoste tulimpelekea kitabu chake kwa basi, kimefungwa vizuri, pamoja na barua ya kuomba radhi. Mpaka tunaandika haya hajajibu, wala hatumdai jibu.

Basi dada yetu mshonaji, jibu letu ni hili. Hapana, si dhambi. Maliza. Aliyekikatia katikati amemwona Rosa akianguka, hajaona waliomsukuma wala malipo yake. Ila usikimalize peke yako usiku, kwa sababu mwisho wake ni mzito, na mtu mwenye moyo uliojeruhiwa anaweza kuumia zaidi. Ukiona kwamba kitabu kinasema habari zako, au za mtu unayemjua, usinyamaze kama Tamari alivyoambiwa anyamaze. Njoo kwa Padre, au kwa mama mmojawapo unayemwamini, au kwetu. Mlango u wazi, na safari hii tutauliza kwanza.

Mzee wa kanisa hajabadili neno lake, nasi hatukumlazimisha. Aliomba kitabu hicho kisiwekwe kwenye rafu ya wazi ambapo watoto wa shule ya Jumapili hupita. Padre alikubali, nasi tumeona ni sawa. Kitakaa ofisini, na mtu mzima atakayekitaka atakiomba.

KWA VIKUNDI VYA NYUMBA KWA NYUMBA

Someni 2 Samweli 13:1–22 kwa sauti, mkibadilishana wasomaji. Ulizaneni: katika habari hii, ni nani waliojua na wakanyamaza? Kila mmoja alikuwa na sababu gani? Halafu akina mama walijibu lile swali la Mwana Kupona: mmewaambia binti zenu nini, na mlisubiri hata wawe na umri gani? Akina baba nao wajibu kuhusu wana wao wa kiume, maana hilo halikuulizwa na mtu hata mmoja chini ya mwembe, na sisi tulilikumbuka tukiwa njiani kurudi nyumbani.

Wenye watoto wa kulea majumbani wasome Mwanzo 37, kisha wahesabu ni muda gani umepita tangu mtoto huyo aongee na mama yake kwa simu.

HABARI ZA RAFU

Rafu ya parishi sasa ina vitabu arobaini na vitatu. Kusadikika tunazo nakala tatu, Uhuru wa Watumwa moja tu, ambayo ni kuukuu na isiazimwe nje ya kijiji. Peponi moja, ya muuguzi, ambaye ameahidi kuileta akimaliza. Rosa Mistika mbili, ofisini kwa Padre, zimenunuliwa mwezi uliopita. Kuazima ni majuma matatu. Tafadhali msikunje pembe za kurasa. Tumieni kipande cha karatasi. Aliyeazima Safari ya Msafiri tangu Majilio anajijua, na bibi wa utenzi anaingoja.